Relei ya Buchholz imelia mara mbili: je, tununue kifaa cha kufuatilia gesi?

Swali, kwa ufupi. Msomaji ni msimamizi wa umeme kiwandani. Wana transfoma ya MVA 10, inayoshusha umeme kutoka kV 33 hadi 11, yenye konsaveta (tanki dogo la mafuta lililo juu) na kibadilisha tapu, kifaa cha kurekebisha volteji mzigo ukiwapo. Ina umri wa miaka 22. Waliizima kwa matengenezo, wakapima ukinzani wa koili, wakabadilisha gasketi kadhaa na kuongeza mafuta. Walipoiwasha, relei ya tofauti, inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, iliitripu papo hapo, yaani ikaikatia umeme. Wakajaribu tena, ikashika. Siku tatu baadaye, usiku, ikalia kengele ya relei ya Buchholz, ile inayonasa gesi ndani ya mafuta. Fundi akaachia gesi, ikanyamaza. Siku kumi na moja baada ya hapo ikalia tena, usiku pia, naye akafanya vilevile. Sasa uongozi unataka mambo mawili: kununua kifaa cha kupima gesi saa zote, na kuifunga relei ya tofauti isifanye kazi tena kwa kuwa "inasumbua". Anauliza kama mpango huo ni sawa.

Ndugu yangu, hilo la pili likatae leo. La kwanza linaweza kusubiri, kwa sababu liko jambo la gharama ndogo zaidi ambalo halijafanyika: hakuna aliyeipima gesi ile. Fundi aliyeiachia hewani alinyamazisha kengele na kupoteza ushahidi, mara mbili. Kila kitu unachouliza kinategemea gesi ile ilikuwa nini.

Relei ya Buchholz, iliyobuniwa na Mjerumani Max Buchholz mwaka 1921, hukaa kwenye bomba linalotoka kwenye tanki kwenda konsaveta. Ina maelea mawili. La juu hushuka gesi inapojikusanya, kwa kawaida sentimita za ujazo 200 hadi 300, nalo hupiga kengele tu. La chini husukumwa na wimbi la mafuta linalokimbia kwa kasi ya kama mita moja kwa sekunde, au hushuka mafuta yakipungua sana, nalo hutripu breka. Kengele uliyoipata ni ya juu. Maana yake kilichotokea kilitokea polepole, na hiyo ni habari njema kiasi: una muda wa kuchunguza. Usingoje hadi liseme lile la chini.

Gesi ndani ya relei ina asili mbili. Ama ni hewa, ama ni mafuta na karatasi vinavyovunjika kwa joto au cheche. Yako inanuka hewa. Mlifungua gasketi, mkaongeza mafuta ambayo sidhani yalivutwa hewa kwa mashine ya utupu, na hewa hupenda kujificha chini ya kifuniko cha tanki, kwenye shingo za bushingi (vihami ambamo nyaya hupita kuingia tankini) na kwenye redieta. Tena kengele zote zililia usiku. Mzigo ukishuka mafuta hupoa na kusinyaa. Kipumulio, yaani njia ya hewa ya konsaveta, kikiwa kimeziba, ndani huzuka shinikizo hasi, na gasketi iliyokazwa vibaya huvuta hewa bila kumwaga hata tone la mafuta nje. Tena muda kabla ya kengele umerefuka, kutoka siku tatu hadi kumi na moja, kama inavyokuwa hewa inapojimaliza yenyewe. Kuna sababu nyingine rahisi: kiwango cha mafuta ndani ya konsaveta kinaweza kuwa chini kiasi kwamba usiku yakisinyaa relei yenyewe inabaki na hewa. Kitazame kiwango hicho alfajiri, kabla jua halijapasha tanki, na ukilinganishe na alama ya joto iliyo kwenye geji.

Ningelazimishwa kubashiri, ningesema hewa. Lakini usiiendeshe transfoma ya MVA 10 kwa ubashiri, hasa yako, ambayo relei nyingine isiyojua lolote kuhusu gesi nayo ilitripu katika wiki hizohizo. Buchholz husikiliza mafuta. Relei ya tofauti husikiliza mkondo. Mifumo miwili isiyoshirikiana hata waya mmoja wa kupimia ikilalamikia mashine moja, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna tatizo uko kwako.

Kwa hiyo, kengele ikilia tena: usiachie gesi hewani, usibadilishe tapu, usiongeze mzigo. Kama transfoma yako ina kijibomba kinachoshusha gesi hadi usawa wa mtu aliyesimama chini, chukua sampuli hapo. Kama haina, usimpandishe mtu juu ya tanki lenye umeme eti kwa sababu relei iko mbali kidogo na bushingi. Izimeni kwanza. Na ile desturi ya zamani ya kuwasha kiberiti kuona kama gesi inawaka iacheni. Huenda ni haidrojeni na asetilini, na jibu la swali lako linaweza kumrukia fundi usoni.

Chukueni sampuli mbili kwa pamoja: gesi kutoka kwenye relei, na mafuta kutoka valvu ya chini ya tanki. Zote ziingie kwenye sirinji ya kioo yenye koki. Chupa ya plastiki haifai, maana haidrojeni hupenya kila mahali. Kabla ya kujaza, mwageni mafuta yaliyolala kwenye valvu, kisha suuzeni sirinji kwa mafuta yenyewe. Pasibaki povu. Funikeni isipigwe na mwanga, andikeni joto la mafuta, mzigo wa wakati huo na saa, kisha ipelekwe maabara haraka. Na kabla ya kufungua valvu yoyote hakikisheni mafuta yanasukuma kutoka ndani kuja nje. Ikiwa kuna shinikizo hasi, mtavuta povu la hewa hadi kwenye koili, na mtakuwa mmetengeneza hitilafu mliyokuja kuitafuta. Sampuli ya mafuta msisubiri kengele; chukueni wiki hii.

Majibu ya maabara yatakuja na orodha ya gesi, na hapa ndipo watu wengi hupotea kwa kutazama namba moja nyekundu. Naitrojeni na oksijeni tupu kwenye sampuli ya relei, bila haidrojeni wala gesi za kaboni, ni hewa. Mmepona, tafuteni inakoingilia. Haidrojeni nyingi na methani kidogo huashiria cheche ndogondogo ndani ya kihami, mara nyingi kwenye mapovu au karatasi yenye unyevu. Methani, ethani na ethilini huonyesha joto, na kadiri ethilini inavyotawala ndivyo joto lilivyo kali: kiungo kilicholegea, chuma cha kiini kinachopitisha mikondo ya mzunguko, mguso wa tapu uliochoka. Asetilini ndiyo ya kuogopa. Mafuta huizalisha kwa wingi pale joto linapopita nyuzi 700 hivi, na ndani ya transfoma joto la namna hiyo karibu daima ni la tao la umeme, yaani cheche kali inayoendelea. Kaboni monoksidi na kaboni dioksidi hutoka zaidi kwenye karatasi. Uwiano wa dioksidi kwa monoksidi ukishuka chini ya 3 na gesi nyingine zikipanda, karatasi inaungua mahali fulani.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60599 kinatoa thamani za kawaida, yaani zile ambazo transfoma tisa kati ya kumi ziko chini yake: haidrojeni sehemu 50 hadi 150 kwa milioni, ethilini 60 hadi 280, asetilini 2 hadi 20. Lakini soma kwa makini mstari wa asetilini, maana wewe una kibadilisha tapu. Kifaa hicho hukata mkondo ndani ya mafuta yake kila kinapobadilisha tapu, na tao ni kazi yake ya kila siku. Mafuta yake yamejaa asetilini bila ubaya wowote. Kama chumba chake kinavujisha kuingia tanki kuu, au kama konsaveta zao zinashirikiana hewa, asetilini ya kibadilisha tapu itaonekana kwenye sampuli yako na kukutia kihoro bure. Ndiyo maana kwa transfoma za aina hiyo kiwango kinaruhusu asetilini 60 hadi 280. Njia ya kutofautisha ni kuigawanya asetilini kwa haidrojeni: ikizidi mara 2 au 3 kwenye tanki kuu, mshuku kibadilisha tapu kwanza. Na mwambie mtu wa maabara mapema jinsi transfoma ilivyojengwa, la sivyo atakuandikia ripoti ya kutisha kwa nia njema.

Utaonyeshwa pia pembetatu ya Duval. Michel Duval wa Hydro-Québec huko Kanada aliichapisha mwaka 1974, nayo hutumia gesi tatu tu, methani, ethilini na asetilini, kutaja aina ya hitilafu. Ni chombo kizuri sana chenye kasoro moja wasiyoisema wanaouza programu: haina eneo linaloitwa "mzima". Namba zozote tatu, hata za transfoma isiyo na tatizo, zitaangukia mahali fulani ndani yake na kupewa jina la ugonjwa. Itumie baada ya kuthibitisha kwamba gesi zimepita kawaida au zinapanda.

Kupanda ndiko muhimu. Asetilini ya 10 iliyosimama palepale kwa miaka mitatu hainisumbui. Iliyotoka sifuri ikafika 4 ndani ya wiki moja inaniamsha. Sampuli moja ni picha tu. Chukueni ya pili baada ya wiki moja hata kama ya kwanza ni safi.

Kwa kuwa mtakuwa na sampuli ya gesi na ya mafuta kwa pamoja, kuna hesabu moja ambayo watu wa matengenezo huiruka, nami naipenda kuliko zote. Kila gesi ina kiwango chake cha kuyeyuka ndani ya mafuta. Kwa haidrojeni ni kama 0.05: mafuta na gesi vikikaa pamoja hadi vitulie, haidrojeni iliyo kwenye mafuta huwa ishirini mara pungufu ya iliyo juu yake. Kwa ethilini ni 1.7, kwa asetilini 1.2. Sasa chukua namba ya gesi kwenye relei, izidishe kwa kiwango hicho, kisha linganisha na namba ya maabara ya mafuta. Mfano: relei ina haidrojeni 40,000 kwa milioni. Mara 0.05 ni 2,000. Kama mafuta nayo yana karibu 2,000, gesi imezalishwa polepole, ikapata muda wa kuyeyuka, na pengine ni jambo la miezi. Kama mafuta yana 150 tu, gesi ilipanda kama mapovu kutoka mahali inapozaliwa, haraka kuliko mafuta yalivyoweza kuimeza. Hapo hitilafu iko hai, na uamuzi ni kuzima.

Turudi kwenye relei ya tofauti. Yenyewe hulinganisha mkondo unaoingia upande wa kV 33 na unaotoka upande wa kV 11, baada ya kurekebisha uwiano na mpangilio wa koili. Ukiwa sawa, hitilafu haiko ndani. Ukitofautiana, hutripu ndani ya mizunguko michache ya umeme. Tatizo lake linalojulikana tangu zamani ni mkondo wa kuwashia. Transfoma inapounganishwa, kiini cha chuma kinaweza kushiba usumaku na kuvuta mkondo wa mara nane hadi kumi ya ule wa kawaida, upande mmoja tu, upande mwingine hakuna kitu. Relei inaona tofauti kubwa. Ili isidanganyike, hutafuta hamoniki ya pili, yaani wimbi lenye masafa mara mbili ya yale ya umeme wa kawaida, ambayo mkondo wa kuwashia unayo kwa wingi na shoti ya kweli huwa nayo kidogo. Hamoniki hiyo ikizidi kiwango kilichowekwa, mara nyingi asilimia 15 hadi 20, relei hujizuia.

Sasa angalia mlichofanya kabla ya kuwasha. Mlipima ukinzani wa koili, kipimo kinachopitisha mkondo wa moja kwa moja, nacho huacha usumaku ndani ya kiini. Bila kuuondoa, mkondo wa kuwashia utakaofuata unaweza kuwa mkubwa kuliko kawaida na umbo lake likawa baya. Nadhani ndicho kilichowapata, na jaribio la pili likashika kwa sababu usumaku ulikuwa umebadilika na breka ilifunga kwenye nukta nyingine ya wimbi. Kuwasha mara ya pili bila kujua hayo, hata hivyo, lilikuwa jambo ambalo sitalisifu. Koili iliyopata shoti kati ya mizunguko miwili ya waya wake nayo inaweza kushika mara ya pili, kwa muda.

Huna haja ya kudhani. Relei yako ikiwa ya kidijitali imehifadhi mchoro wa mawimbi ya tukio lile, kama hakuna aliyeufuta. Upakue. Mkondo wa kuwashia una sura isiyofichika: vilele viko upande mmoja wa mstari wa sifuri, katikati yake pana pengo tambarare, na mkondo uko upande wa kuwashia peke yake. Soma asilimia ya hamoniki ya pili kwa kila fazi. Ukikuta mawimbi ni ya kuwashia lakini fazi moja ilikuwa na asilimia 12 huku kizuizi kimewekwa 15, jibu umelipata: rekebisheni mpangilio kwa ushauri wa mhandisi wa ulinzi, au mruhusu fazi moja izizuie nyingine wakati wa kuwasha, na kuanzia sasa kiini kiondolewe usumaku baada ya kila kipimo cha namna ile. Ukikuta mawimbi yamesimama sawia pande zote mbili za sifuri, hiyo ni habari nyingine kabisa: iondoeni kwenye huduma.

Kuifunga relei hiyo ni kumfukuza mlinzi kwa kuwa aliwaamsha usiku. Ukiiondoa utabaki na relei ya mkondo uliozidi, ambayo imepangwa kungoja ili breka za chini zipate nafasi ya kukata kwanza. Kungoja huko ndiko kunakopasua matanki. Tena shoti ya mizunguko michache ndani ya koili inaweza kuonekana ndogo mno kwenye mkondo wa nje kiasi kwamba relei hiyo haiioni hata kidogo, ilhali ndani ya mzunguko wenyewe ulioshotika unapita mkondo wa kuyeyusha shaba.

Mkiwa kwenye mipangilio, muulize mhandisi wenu mambo mengine mawili. Je, upande wa kV 11 una ulinzi wa ardhi uliofungiwa kwenye koili ile tu? Kama nyota yake, yaani nukta ambapo koili tatu hukutana, imeunganishwa na ardhi kupitia kizuizi, shoti iliyo karibu na nukta ya nyota ina mkondo mdogo ambao relei ya tofauti huukosa. Na la pili, ni mara ngapi laini zenu za kV 11 zimeshotika mwaka huu? Mkondo wa kawaida wa upande huo kwa MVA 10 ni kama ampea 525. Ikiwa kizuizi cha ndani cha transfoma ni asilimia 10, shoti ya karibu inaweza kupitisha ampea 5,250. Nguvu za kusukuma koili hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo ni mara mia. Kiwango cha IEC 60076-5 kinataka transfoma ivumilie hilo kwa sekunde 2; hakisemi ivumilie kila wiki kwa miaka 22. Kila shoti ya nje iandikwe kwenye daftari la transfoma, na breka za laini zikate haraka. Vizuia radi vilivyo karibu na bushingi navyo vikaguliwe pamoja na waya wake wa ardhi. Waya mrefu unaozungukazunguka hupunguza sana faida yake.

Joto sasa, kwa kuwa umri wa transfoma ni umri wa karatasi. Mafuta hubadilishwa na bushingi hubadilishwa, lakini karatasi iliyofungwa kwenye koili haibadilishwi bila kujenga koili upya. Karatasi mpya ina minyororo ya selulosi yenye urefu wa vipande 1,000 hivi. Ikishuka hadi 200 haina nguvu tena, na shoti moja ya nje huichana. Kwa karatasi ya kawaida, IEC 60076-7 inachukua nyuzi 98 kama joto la rejea kwenye sehemu yenye joto kali zaidi ya koili, na kila nyuzi 6 juu ya hapo kasi ya kuzeeka huongezeka maradufu. Nyuzi 104 ni mara mbili, 110 mara nne, 116 mara nane. Feni mbili zisizozunguka zinaweza kula miaka bila kengele yoyote kulia. Ziwasheni kwa mkono kila mwezi.

Na jueni geji ya "joto la koili" haigusi koili. Inapima mafuta ya juu, kisha kijihita kidogo kinachopewa mkondo kutoka CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) huongeza kiasi kinachokisiwa. Waya wa CT ukikatika au ukiwekwa kwenye tapu isiyo yake, geji itaonyesha joto la mafuta na kudai kwamba ni la koili. Ikilingana na geji ya mafuta wakati transfoma ina mzigo mkubwa, geji hiyo inadanganya.

Unyevu huharibu haya yote kwa pamoja: huzeesha karatasi, hushusha uwezo wa mafuta kuhimili volteji, na kwa karatasi yenye maji asilimia 2 hivi mapovu huanza kutoka koili ikifika nyuzi 140. Kwa hiyo transfoma yenye unyevu haistahili kuzidishiwa mzigo hata kama geji inasema iko salama. Kipumulio chako kikague mwenyewe, usiulize. Silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, iliyobadilika rangi kuanzia chini kwenda juu inafanya kazi yake. Iliyobadilika kuanzia juu ina maana hewa inaingilia kwingine. Kikombe cha mafuta kilicho chini kikiwa kikavu, au karatasi ya kiwandani bado imeziba tundu (nimeiona kwenye transfoma zilizokwisha kuwashwa), basi kengele zako za usiku zimepata maelezo. Maabara wakipima gesi, waombe na maji, uwezo wa kuhimili volteji, asidi na furani. Furani hutoka kwenye karatasi tu, na ndiyo njia ya kuijua hali yake bila kufungua tanki.

Kuna kitu ambacho hukukitaja, nacho ndicho nakikagua kwanza nikiingia kituo chochote: betri. Relei zote hizi, ziwe za bei gani, hukata breka kwa umeme wa betri za kituo. Betri zikiwa zimekauka, relei itaona hitilafu, itaandika kumbukumbu safi kabisa ya hitilafu, na breka itabaki imefunga, umeme ukiendelea kupita. Pimeni volteji ya betri chaja ikiwa imezimwa na koili ya kutripu ikivuta mkondo. Volteji ya chaja ikiwa inaelea haikuambii lolote. Mkipata nafasi ya kuzima, tripuni breka kwa kubonyeza kitufe cha majaribio cha Buchholz chenyewe, ili njia nzima ijaribiwe kutoka elea hadi breka. Fungueni pia kisanduku cha nyaya cha relei hiyo. Maji ya mvua hupenda kuingia humo, na waya mmoja wenye kutu unaweza kupiga kengele bila gesi au, mbaya zaidi, kunyamaza gesi ikiwapo.

Sasa kifaa. Vipo vya gesi moja, vinavyofuata haidrojeni hasa, na vipo vya gesi nyingi vinavyofanya karibu kazi ya maabara kila baada ya saa chache. Kwa MVA 10 iliyo peke yake, ambayo ikifa kiwanda kinasimama, cha haidrojeni chenye kipimo cha unyevu kinaweza kustahili gharama yake. Cha gesi nyingi ningekiweka kwenye mashine kubwa zaidi, au hapo kwenu kama maabara itathibitisha kuna gesi inayopanda na mnahitaji kuiendesha hadi transfoma mbadala ipatikane. Kisiunganishwe na breka. Kazi yake ni kuonya kwa siku na wiki; kukata kwa sehemu za sekunde ni kazi ya relei. Na hakioni kila kitu: bushingi inaweza kupasuka bila kuongeza haidrojeni hata kidogo ndani ya tanki.

Kabla uongozi haujasaini, uliza nani atapokea ujumbe wa kifaa hicho saa nane usiku, na ana ruhusa ya kufanya nini. Ninyi tayari mna chombo cha kugundua gesi. Kimelia mara mbili, na aliyekisikia hakuwa na maelekezo zaidi ya kufungua koki. Andikeni maelekezo hayo kwanza, ukurasa mmoja, wabandike chumba cha udhibiti: kengele ya Buchholz ikilia apigiwe nani, mzigo ushushwe hadi wapi, sampuli ichukuliwe na nani, sirinji ziko kabati gani. Na sharti lisilo na mjadala: Buchholz au relei ya tofauti ikitripu, hakuna anayewasha hadi mchoro wa mawimbi usomwe, gesi ipimwe, na koili zipimwe uwiano, ukinzani na hali ya kihami chake.

Kwa sasa, hadi majibu yafike, endesheni kwa mzigo mlio nao bila kuuongeza, feni zote zikiwa tayari. Kengele ikilia kabla ya siku kumi na moja kupita, maana yake muda umefupika. Zimeni siku hiyohiyo na mpeleke gesi maabara. Ikichelewa zaidi, na sampuli ikaonyesha naitrojeni na oksijeni tu, kazeni gasketi, ondoeni hewa kwenye sehemu zote za juu za tanki, na pesa za kifaa mnunulie betri kwanza.